Jua la Pwani halikingi tena michungwa yetu

Kwa miaka mingi sisi watu wa Pwani tumekuwa na jambo moja la kujivunia mbele ya wakulima wa bara. Ugonjwa wa ukijani, ule uliowavunja moyo wapandaji michungwa wa nyanda za juu, haukuwa ukiteremka huku kwetu. Ukimuuliza mkulima wa Kwale au Kilifi sababu yake, atakuonyesha juu angani. Jua. Joto letu, atakwambia, halimpi mdudu yule nafasi. Na hakuwa akibahatisha, kwani wataalamu wenyewe walikuwa wakisema vivyo hivyo.

Leo nataka tuzungumze kwa nini jawabu hilo halitoshi tena. Nataka pia tuangalie utafiti wa kutunza michungwa umefika wapi duniani, na katika hayo yote ni lipi linaloweza kumfaa mtu mwenye miche kumi nyuma ya nyumba au ekari mbili huko Msambweni.

Mwaka 2020 jarida la kisayansi la Scientific Reports lilichapisha utafiti uliofanywa na wanasayansi wa kituo cha ICIPE cha Nairobi pamoja na wenzao. Walikusanya majani ya michungwa na jamaa zake yenye dalili za ugonjwa huo kutoka Uganda, Ethiopia na Kenya, wakayapima maabara. Katika mimea waliyoipima Kenya, asilimia 66 ilikutwa na bakteria wa ukoo unaoleta ugonjwa wa ukijani. Tusiichukulie hesabu hiyo kuwa ni ya miti yote nchini, kwa sababu waliokwenda kupimwa ni wale walioonekana wagonjwa. Jambo zito zaidi lilikuwa jingine. Kwa mara ya kwanza nchini Kenya walimkuta bakteria wa aina ya Asia, yule mkali zaidi. Walimkuta mahali patatu, na pote patatu ni katika ukanda wa Pwani.

Kwa hivyo hatuzungumzi habari za bara wala za ng'ambo. Twazungumza habari za nyumbani.

Ugonjwa wenyewe hufanya nini

Mti hupika chakula chake kwenye majani. Chakula hicho, ambacho ni sukari, huteremka kwa mirija myembamba iliyo chini ya gome, kikaenda kulisha matunda na mizizi. Bakteria wa ugonjwa wa ukijani makazi yake ni ndani ya mirija hiyo. Akishaingia na kuzaana, mirija huziba.

Hapo mti hupatwa na balaa la namna mbili. Juu, sukari isiyopata njia ya kushuka hugeuka wanga na kurundikana kwenye jani. Jani huwa nene na gumu, likaingia mabaka ya manjano. Chini, mizizi hufa njaa. Watafiti wa Florida, Marekani, waligundua kwamba mti unaweza kupoteza asilimia 30 hadi 50 ya mizizi yake midogo kabla mwenye shamba hajaona kasoro yoyote kwenye majani. Ndiyo maana mchungwa mgonjwa hushindwa upesi na kiangazi: una kiu hata pale penye maji, kwa kuwa hauna mizizi ya kuyanywea.

Matunda ya mti huo huwa madogo, yamepinda upande, na mengi huanguka kabla ya wakati. Ukilikata tunda utaona mbegu zimesinyaa, na ukilionja utakuta limechachuka na lina uchungu. Tunda la kawaida likiiva hubadilika rangi lote, lakini hili huanza kugeuka huko kwenye kikonyo, na kitako chake kikabaki kijani. Jina la ukijani lilitoka hapo. Wachina huuita huanglongbing, na wengi hutafsiri kuwa ni ugonjwa wa joka la manjano, kwa vile tawi moja hugeuka manjano huku mti uliobaki ukiwa bado kijani. Tunda hilo halimdhuru anayelila. Anayedhurika ni mwenye mti na mfuko wake.

Na hakuna jamaa wa mchungwa aliyesalimika. Mdanzi, mchenza, mlimau, mndimu na mbalungi yote huingiwa, ingawa mingine huvumilia zaidi kuliko mingine.

Bakteria huyu hatembei peke yake. Njia yake ya kwanza ni mkono wa binadamu. Ukikata kijiti kwenye mti mgonjwa ukakipandikiza kwenye mche mzima, umeuhamisha ugonjwa. Mwanasayansi wa China, Lin Kung Hsiang, alithibitisha hilo na kulichapisha mwaka 1956. Njia ya pili ni kidudu kidogo kinachofyonza utomvu, kiitwacho sailidi. Ukubwa wake ni kama milimita 3 au 4, unaweza kukiona kwa macho ukikitafuta. Hutaga mayai kwenye machipukizi mapya tu, yale majani laini yanayotoka baada ya mvua. Kikifyonza mti mgonjwa kingali kichanga, hubeba bakteria mpaka mwisho wa maisha yake.

Joto lilitukinga vipi, na kwa nini limeshindwa

Ziko aina mbili za mambo haya, na tofauti yake ndiyo kiini cha habari yote.

Ya kwanza ni ya Afrika. Bakteria wake hapendi joto. Majaribio yaliyofanywa miaka ya 1970 yalionyesha kwamba miti iliyoambukizwa aina hii huonyesha dalili ikiwekwa mahali pa ubaridi wa nyuzi 22 hadi 24, lakini ikiwekwa kwenye nyuzi 27 hadi 30 dalili hazitokei. Sailidi anayeibeba, sailidi wa Afrika, naye ni vivyo hivyo. Hupenda milimani, na jua kali lenye hewa kavu huua mayai na watoto wake. Basi ugonjwa na mbebaji wake wote wawili walikuwa ni wa kwenye ubaridi. Huku chini ufukweni tulikuwa tumekaa salama bila ya kufanya lolote.

Ya pili ni ya Asia. Katika majaribio yale yale, miti yenye aina hii ilionyesha dalili kwenye ubaridi na kwenye joto pia. Sailidi wake amezoea nchi za joto, nchi za michikichi na minazi kama yetu. Kwake yeye Mombasa si jehanamu, ni nyumbani.

Namna alivyotufikia tunaweza kuifuata kwa miaka. Mwaka 2010 bakteria wa aina ya Asia aliripotiwa Ethiopia. Mwaka 2016 ikachapishwa ripoti kwamba sailidi wa Asia ameonekana Tanzania, huko Morogoro, na ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kutajwa Afrika Mashariki. Mwaka 2017 watafiti wakachapisha kwamba yuko Kenya. Kisha 2020 ukaja utafiti niliokwisha kuutaja, wa bakteria mwenyewe hapa Pwani.

Yafaa mkulima ajue kuwatofautisha. Sailidi wa Afrika huacha alama: majani huota vinundu upande wa juu, na ukiligeuza jani utaona vishimo ambamo watoto wake wamekaa. Wa Asia haachi vinundu. Mkubwa wake hukaa ameinua kitako juu kama mtu aliyesujudu, na watoto wake hutoa nyuzi nyeupe kama nta kwenye machipukizi. Ukiona nyuzi hizo, usiseme ni unga tu, angalia vizuri.

Mwenzako akinyolewa

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Aliyenyolewa ni Florida.

Jimbo hilo lilikuwa na sifa duniani kwa maji ya machungwa. Sailidi wa Asia alionekana huko mwaka 1998. Watu wakamzoea. Ugonjwa wenyewe ukatambuliwa mwaka 2005, ukiwa umekwisha kuenea kimya kimya. Msimu wa 2003 na 2004 Florida ilivuna makasha milioni 242 ya machungwa, kila kasha la kilo kama 41. Msimu wa 2023 na 2024 yalivunwa chini ya makasha milioni 18. Vimbunga vilichangia, na mashamba mengine yamegeuzwa nyumba, lakini wenyewe wanaujua mzizi wa hasara. Na hawa ni watu wenye vyuo vikuu, maabara na fedha ambazo sisi hatuna.

Brazil, nchi inayoongoza kwa machungwa, iligundua ugonjwa huo mwaka 2004 katika jimbo la São Paulo. Wao walichukua njia ya ukali tangu mwanzo: kupanda miche safi tu, kukagua, na kung'oa kila mti mgonjwa. Njia hiyo iliwasaidia kwa miaka mingi. Hata hivyo, ukaguzi wa mwaka 2024 wa taasisi yao ya Fundecitrus ulionyesha kwamba asilimia 44 ya miti katika ukanda wao mkuu wa machungwa ina dalili. Nalitaja hili ili tusidanganyane kwamba kuna mtu aliyeshinda moja kwa moja. Waliofanya mapema wamepata muda, na kwa mkulima muda ni mavuno ya miaka mingi.

Lililoniingia zaidi katika kusoma habari hizi ni jinsi ugonjwa unavyokwenda mbele ya macho ya watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba chipukizi likishafyonzwa na sailidi mwenye bakteria, linaweza kuwaambukiza sailidi wengine ndani ya siku 15 hivi. Mti wenyewe utakaa miezi mingi, pengine miaka, kabla haujaonyesha jani la manjano. Maana yake ni kwamba unapoanza kuuona ugonjwa shambani mwako, wenyewe umekwisha kupiga hodi kwa jirani.

Watafiti wamejaribu nini

Dawa ya kuponya mti bado haijapatikana. Hili lazima lisemwe wazi, kwa sababu penye ugonjwa hapakosi muuza chupa. Lakini yapo mambo kadhaa yaliyojaribiwa, na kila moja lina funzo lake.

Florida iliruhusu mwaka 2022 kuchoma sindano ya antibayotiki kwenye shina la mti. Mti hupata nafuu, lakini haupoi, na sindano hurudiwa. Kwa mkulima mdogo gharama yake haina hesabu, na kutumia dawa za hospitali mashambani kuna hatari ya kuzalisha vijidudu sugu. Huko California, watafiti walichapisha mwaka 2021 kwamba wamepata chembe ya protini kutoka kwa jamii ya ndimu ya Australia inayovumilia ugonjwa huu. Ni tumaini zuri, ila safari ya kutoka maabara hadi duka la dawa za kilimo ni ndefu.

Yako pia ya kustaajabisha. Watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani waliwafunza mbwa kunusa mti ulioambukizwa. Mwaka 2020 walichapisha kwamba mbwa hao hutambua kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 99, tena mapema kabla ya dalili kuonekana. Wengine wanaivisha miche michanga mifuko ya wavu kwa miaka yake ya kwanza ili sailidi asiifikie, na miche hiyo hukua vizuri.

Lililo karibu nasi zaidi ni kisa cha Réunion, kisiwa cha humu humu katika Bahari ya Hindi. Kisiwa hicho kilikuwa kimeingiwa na sailidi wote wawili, wa Afrika na wa Asia. Badala ya kutegemea sumu, katika miaka ya 1970 watafiti walipeleka huko nyigu wadogo mno, wasiouma mtu, ambao hutaga mayai yao kwa watoto wa sailidi na kuwaua. Kila aina ya sailidi iliwekewa nyigu wake. Sailidi wa Afrika akatoweka kisiwani, na wa Asia akapungua sana. Mwaka 2018 visiwa vya Canary vilifuata mfano huo kwa kuleta nyigu kutoka Afrika Kusini. Kisiwa kimezungukwa na maji na sisi tumepakana na nchi kavu, kwa hivyo hatuwezi kutarajia matokeo yale yale. Lakini funzo lake lasimama: yuko mdudu rafiki, na kila anayepuliza sumu ovyo humuua yeye kwanza.

Vietnam nako, wakulima wa bonde la Mekong walipanda mipera katikati ya michungwa, wakaona sailidi wamepungua. Habari hizo zilienea sana. Watafiti walipojaribu kwa mpangilio, huko Vietnam na Florida, waliona kwamba mipera inaweza kuuchelewesha ugonjwa lakini haiuzuii. Basi kama una nafasi, panda mpera ule mapera, ila usiufanye hirizi.

Wako wanaouliza juu ya maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani. Hawa ni askari wa zamani. China walikuwa wakitumia jamaa zao kulinda michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Zanzibar, katika miaka ya 1950, mtafiti Michael Way aliwachunguza akaona jinsi wanavyoilinda minazi dhidi ya kunguni anayeangusha nazi changa. Kwenye michungwa wanafukuza wadudu wengi, lakini wana kasoro moja. Chungu hupenda ule utamu unaotolewa na wadudu wafyonzao utomvu, na wakati mwingine huwalinda wadudu hao kama mfugaji na mbuzi wake. California imeonekana kwamba chungu wa aina nyingine huwazuia nyigu wasimfikie sailidi. Kwa hivyo siwezi kumshauri mtu awategemee maji moto peke yao.

Yanayotufaa sisi

Nikiyakusanya yote hayo, naona ziko hatua ambazo hazihitaji maabara wala fedha nyingi.

La kwanza na kubwa kuliko yote ni mche. Hapa ndipo vita vinaposhindwa au kushindikana. Miche mingi tunayopanda hununuliwa kando ya barabara, imepangwa juani bila wavu, na muuzaji hajui kijiti kilikatwa kwenye mti gani. Mche kama huo unaweza kuwa umeambukizwa mara mbili: na kisu cha aliyeupandikiza na sailidi aliyeupitia. Utaupalilia, utaumwagilia maji miaka mitatu minne, ndipo uanze kukuonyesha kitako cha kijani. Hasara haihesabiwi kwa bei ya mche, ni miaka uliyoipoteza. Nunua kwa kitalu kilichosajiliwa na kinachokaguliwa na KEPHIS, chenye nyumba ya wavu, na muulize mwenyewe alikotoa vijiti vyake. Asiyeweza kukujibu, mwachie miche yake.

Wengine huuliza kama kupanda mbegu kunasaidia. Mbegu haijulikani kuubeba ugonjwa huu, na mndimu wetu wa kienyeji hutoka sawa na mama yake ukipandwa kwa mbegu. Ni njia nzuri kwa ndimu za nyumbani. Lakini mche huo ukilelewa nje, sailidi anaufikia kama mwingine wowote. Ufunike kwa wavu mwembamba mpaka ukomae kidogo.

La pili ni kukagua. Baada ya masika na baada ya vuli, michungwa ikichipuza, pita mti kwa mti ukaangalie machipukizi. Huo ndio wakati sailidi anapotaga. Ukitumia dawa, iwe ni wakati huo, iwe ni dawa uliyoelekezwa na afisa wa kilimo, na isiwe wakati wa maua, usije ukaua nyuki wanaokutafutia riziki.

La tatu ni kujua kuusoma ujani wa manjano, maana si kila jani la manjano ni ugonjwa wa ukijani. Udongo wetu mwingi ni mchanga au una mawe ya matumbawe, na udongo wa namna hiyo humnyima mti madini ya zinki na chuma. Mti wenye njaa ya zinki hugeuka manjano pia, lakini rangi yake hulingana: upande wa kulia wa jani ni sawa na wa kushoto, na majani mapya ndiyo huumia zaidi. Mti wenye ugonjwa wa ukijani mabaka yake hayalingani. Chora mstari kwa macho katikati ya jani, kisha linganisha pande mbili. Zikiwa hazifanani, shuku.

Kuna na kipimo cha mikono, kilichobuniwa na watafiti huko Asia, kinachotumia ule wanga uliorundikana kwenye jani. Sugua jani kwa kipande cha karatasi ya msasa. Tia msasa huo kwenye mfuko safi wa plastiki wenye maji kidogo, utikise, halafu dondoshea tone la ayodini ya kupakia vidonda. Maji yakigeuka meusi au buluu iliyokoza, jani lina wanga mwingi. Rudia kwa jani la mti ulio mzima ili upate cha kulinganisha. Kipimo hiki hakikati shauri, kwani hata tawi lililojeruhiwa gome linaweza kutoa rangi hiyo. Kazi yake ni kukwambia kama kuna haja ya kumwita mtaalamu.

La nne ni lishe. Utafiti wa Florida umeonyesha kwamba mti mgonjwa uliolishwa vizuri, ukapewa maji kidogo kidogo mara kwa mara badala ya mengi kwa mkupuo, huendelea kuzaa kwa muda. Samadi iliyooza, matandazo ya majani makavu au makumbi ya nazi, na zinki ya kupuliza kwenye majani, yote haya huusaidia mti kuvumilia. Lakini usiseme umepona. Mti ulionawiri kwa mbolea bado ni mgonjwa, na bado huambukiza.

La tano liko majumbani mwetu. Ule mti wa karipata, ambao majani yake twatia kwenye mchuzi wa dengu, ni jamaa wa mchungwa, na sailidi wa Asia huzaliana juu yake kwa raha. Sisemi watu wang'oe. Nasema aliye nao aukague machipukizi kama anavyokagua mndimu, na asisafirishe matawi yake kutoka mji hadi mji. Hali kadhalika machungwa. Mengi tunayoyaona soko la Kongowea hutoka Muheza, mkoani Tanga, na biashara hiyo inalisha nyumba nyingi pande zote mbili za mpaka. Hakuna haja ya kuizuia. Tunda tupu, lisilo na jani wala kijiti, hatari yake ni ndogo. Hatari iko kwenye majani yanayoachwa ili tunda lionekane jipya, na kwenye miche inayovushwa kwa basi ndani ya gunia.

Nani atalipa mti ukikatwa

Hapa nataka kutoa rai yangu, kwa kuwa jambo hili ndilo gumu kuliko yote.

Kila mtaalamu atakwambia mti uliothibitishwa kuwa mgonjwa ung'olewe. Kisayansi ni sawa. Lakini mfikirie mama mwenye michungwa minane, ambayo sita kati yake imeanza kugeuka. Miti hiyo bado inamletea machungwa mawili matatu ya kuuza, pengine ada ya mtoto. Ukimwambia aikate leo, unamwambia apoteze cha leo ili jirani yake asipoteze cha kesho. Baadhi yetu tutamwita mjinga akikataa. Mimi naona ana haki ya kuuliza atapewa nini badala yake.

Ndiyo maana naamini serikali za kaunti zetu, Kwale, Kilifi, Tana River na Taita Taveta, zikiwa na nia ya kweli, ziianze kazi hii kwenye vitalu kabla hazijafika kwenye shoka. Kuwe na miti mama iliyopimwa, iliyokaa ndani ya wavu, ambayo vijiti vyote vya kupandikizia vitatoka huko. Kituo cha KALRO kiko Mtwapa, hatuhitaji kwenda mbali kutafuta utaalamu. Anayekata mti mgonjwa apewe miche safi ya badala. Hapo agizo la kukata litakuwa na uso wa kibinadamu, na watu watatoa habari za ugonjwa badala ya kuuficha.

Na sisi wenyewe tuna sehemu yetu. Sailidi hajui mpaka wa shamba. Mkulima mmoja akipuliza dawa na jirani asipulize, wadudu huhamia upande wa pili wakangoja. Brazil na Florida zote zimejifunza kwamba mashamba ya eneo moja yakichukua hatua siku moja, matokeo ni makubwa kuliko kila mtu akifanya kwa wakati wake. Sisi tuna vyama vya wakulima, vikundi vya akina mama, baraza za wazee. Vikao hivyo vinaweza kupanga siku ya kukagua michungwa kama vinavyopanga harusi na mazishi.

Masika yajayo michungwa itachipuza kama kawaida. Aliye na mti, aligeuze jani atazame. Anayetaka kupanda, aulize mche umetoka wapi kabla ya kuuliza bei. Na atakayeona mabaka yasiyolingana, asinyamaze kwa kuona haya. Ampigie simu afisa wa kilimo wa wadi yake, kisha amwambie na jirani.